Soko Letu Lisikatwe Mtoni

Ndugu zangu wa Kemambo, nanyi majirani zetu wa Serengeti, ng'ambo ya mto,

Vijiweni Nyamongo nasikia maneno haya: dhahabu ni yetu, wilaya yetu ijitenge, tujiendeshe wenyewe, na wa ng'ambo akiingia na mzigo wake alipie. Hasira hiyo naielewa. Tunalala juu ya dhahabu na asubuhi tunatoka na dumu kutafuta maji. Lakini kudai haki yetu ni jambo moja, kulikata soko ni jingine, na hilo la pili sisi watu wa mpakani tumeshalionja.

Waulizeni wazee habari za 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1967, ilivunjika, kila nchi ikashika ndege na mabehewa yaliyokuwa kwake, na Februari mwaka huo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya. Haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Mkurya wa Sirari aliyezoea kuswaga ng'ombe hadi mnadani Isebania, kwa shangazi zake, aliamka akiwa mtu wa magendo. Biashara haikufa, ilihamia usiku. Faida ikaenda kwa mwenye ubavu wa kumtuliza askari, na mkulima akauza kwa bei ya yule mmoja aliyethubutu kumfuata.

Jumuiya ikafufuliwa kwa mkataba wa 1999, na soko la pamoja likaanza 2010. Hata hivyo, Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa sababu ya sumukuvu, siku chache tu zilitosha malori kukwama mpakani Namanga.

Mnasema hayo ni ya mataifa. Basi tutazame hapa kwetu. Majuzi, kwenye kizuizi kimoja cha ushuru, nilimkuta mama kutoka ng'ambo ya Mto Mara na magunia 2 ya ulezi juu ya bodaboda. Alifungua fundo la khanga, akahesabu noti, akazihesabu tena, akatoa hata nauli ya kurudia. Risiti hakupewa. Wakati tangu 2017 mazao yasiyozidi tani 1 yakivuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hayatozwi ushuru, na magunia yale hayakufika hata robo tani! Pesa ile aliirudisha kwenye bei. Tulioilipa ni sisi tunaokunywa uji wa ulezi huo.

Wilaya yetu ikijifungia, vizuizi vya namna hiyo vitaota kila njia panda. Nao Serengeti watatulipiza kwa ndizi zetu.

Kwa hiyo nawaomba tusiuache tena mkutano mkuu wa kijiji kwa watu kumi na tano. Sheria inautaka kila miezi mitatu. Akina mama wa sokoni, wafugaji, bodaboda, wachimbaji wadogo, tufike. Tumtake mtendaji abandike ubaoni viwango vya ushuru na misamaha yake. Tukubaliane kwamba pasipo risiti hakuna malipo, na mmoja akizuiwa njiani wengine wasimame naye. Tumtume diwani akae na wenzake wa ng'ambo ya mto, na wazee wa ritongo, baraza letu la kimila, wawepo, maana wanasikilizwa pande zote. Hapo hapo tuulize ushuru wa huduma unaotoka mgodini umechimba visima vingapi.

Mkutano ujao njooni na risiti zenu za ushuru, na asiye nayo aje aseme alilipa wapi.