Waraka kwa Wakristo wa Pemba: Karibu, Hata Kama ni Muhogo

Kwa ndugu wa Wete, Chake Chake, Mkoani na vijiji vyote.

Tangu msimu wa karafuu ulipokwisha, tunakwepana. Mtu akitoka ibadani anatia mbio asije akafuatana na mwenzake mpaka nyumbani. Mwingine akisikia hodi mchana, ananyamaza ndani. Sababu naijua. Mchele, unga wa ngano, sukari na mafuta ya kupikia vinatufikia kwa chombo, na gharama ya bahari imo ndani ya kila kilo. Mkarafuu nao hauzai sawasawa kila mwaka, na fedha za ZSTC, shirika linalonunua karafuu zetu, zikishaliwa hakuna nyingine mpaka uzae tena.

Lakini umaskini haujafunga mlango wa mtu. Tumeufunga wenyewe kwa kudhani kukirimu ni pilau, na pasipo nyama na soda tunaona haya kuita mtu. Mjane wa Sarepta alimlisha Eliya, mgeni kutoka nchi nyingine, wakati wa njaa, na ndani hakuwa na zaidi ya kiganja cha unga na mafuta kidogo. Kwetu muhogo upo. Muhogo wa nazi kwa dagaa na chai ya rangi humshibisha mtu, tena anakuwa amekaa na watu.

Wakumbukeni kwanza waliotoka bara: mwalimu mpya, askari aliyehamishwa, kijana wa kibarua asiye na jamaa kisiwani. Historia yetu wenyewe inatudai. Mwaka 1897, mwaka ule ule wa amri ya Sultani dhidi ya utumwa, wamisionari wa Kanisa la Marafiki kutoka Uingereza, akiwemo Theodore Burtt, walianzisha shamba Banani na kuwapa kazi ya ujira watu waliotoka utumwani. Wengi wa watu hao walikuwa wametolewa makwao mbali, na kazi na mahali pa kukaa walivihitaji kama walivyohitaji mahubiri.

Majirani zetu walio wengi ni Waislamu, na futari yao tumeila miaka mingi. Nasi tuwaalike. Pika kisichotiliwa shaka: samaki, ndizi, muhogo, nyama inunuliwe kwa mchinjaji wanayemwamini. Mchana wa Ramadhani usimtengee mtu chakula. Wala sahani isiwe ndoana ya kumvutia mtu kanisani. Hilo jirani hulinusa mapema, na ana haki ya kukasirika.

Usikope dukani ili kumpendeza mgeni, maana deni litakufanya umchukie akishaondoka. Naye mgeni mwenye uwezo asije mikono mitupu. Hata nazi mbili zinatosha. Ule msemo wa mgeni siku ya tatu kupewa jembe, wengine wanautumia kufukuzia watu. Mimi naona aliyepewa jembe ameshakuwa wa nyumbani, na anayekaa kwetu muda mrefu atafurahi zaidi akisaidia kuliko akihudumiwa. Tena mzigo wote usiwaangukie kina mama: baba aende sokoni, vijana wateke maji na kuosha vyombo.

Jumapili ijayo naomba kila nyumba imchukue mtu mmoja anayekula peke yake. Atakayeweza amwambie mzee wa kanisa wake kabla ya Jumamosi jioni, na asiyeweza kumlisha mtu peke yake aungane na jirani yake wapike chungu kimoja.