Mwenye Ngoma Awe Mwenye Daftari

Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay ili sauti yake inaswe katika santuri. Mitambo na biashara vilikuwa mikononi mwa wageni. Leo hatuhitaji kuvuka bahari. Hata hivyo, wapo wanaodhani kwamba kuitupa video ya ngoma katika YouTube ni kuihifadhi. Sisi tunakataa. Video isiyotaja mpigaji, kijiji wala maana ya ngoma ni mali isiyo na mwenyewe, na mali ya namna hiyo huokotwa na yeyote. Yatupasa kujenga tovuti zetu, ambamo mzee wa Newala ataweza kusahihisha jina, mwanafunzi kuongeza maelezo, na msanii kuamua kipi kionyeshwe. Maana si kila wimbo wa jando ni wa hadhara.