Miezi yako ya CNSS iko wapi?

Ndugu mfanyakazi wa Lubumbashi, wa Likasi, wa Kipushi, chukua karatasi yako ya mshahara wa mwezi uliopita na usome mstari wa CNSS. Kama umekatwa asilimia 5, jiulize: feza hiyo ilifika Caisse? Na kama hupewi karatasi ya mshahara hata moja, basi swali ni kubwa zaidi.

Wengi wetu tunachukua pensheni kuwa ni habari ya wazee wenye fimbo. Tunajidanganya. Pensheni ya mtu wa miaka 60 inajengwa mwezi kwa mwezi tangu siku ya kwanza ya kazi. Mwezi ambao haukuandikwa, kwa Caisse ni kama hukuamka asubuhi hiyo, hukupanda basi ya kampuni, hukuvaa buti. Jasho lilitoka, lakini daftari halina habari.

Tuangalie sheria yenyewe. Sheria nambari 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 inaomba mambo matatu ili mtu apate pensheni ya kila mwezi: awe amefika miaka 60, awe ameacha kazi ya mshahara, na awe na miezi isiyopungua 180 ndani ya Caisse Nationale de Sécurité Sociale, ile ambayo wazazi wetu waliiita INSS. Miezi 180 ni miaka 15. Anayefika umri huo bila kutimiza miezi hiyo anapewa feza mara moja tu, na hesabu inafungwa.

Kwa hiyo tofauti kati ya mtu mwenye miezi 170 na mwenye miezi 180 si miezi 10. Mmoja atapokea kila mwezi mpaka siku ya kufa kwake, na akifa mjane wake anabaki na haki ya kudai. Mwingine atapokea mara moja, atalipa madeni, na Januari itamkuta mikono mitupu.

Sasa tupige hesabu ya kijana wa leo. Anaanza kazi na miaka 30, kwa kampuni ndogo inayochukua kazi kwenye mgodi mkubwa. Anafanya miezi sita, mkataba unaisha, anakaa nyumbani miezi sita, anapata kampuni nyingine. Akiendelea hivyo mpaka miaka 60, atakuwa na miezi 180 kamili, bila hata mmoja wa ziada. Na hiyo ni kama kila kampuni imemwandika. Ikitokea moja tu imemficha, hata kwa kazi moja ya miezi sita, tayari amekosa pensheni.

Zamani haikuwa hivi. Mtu aliingia Gécamines au SNCC akiwa kijana, akatoka na mvi, na nambari yake ilikuwa ile ile miaka yote. Halafu Gécamines ikaanguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa mpango wa kuacha kazi kwa hiari, kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kampuni za kibinafsi ziliingia baada ya Code minier ya 2002, na kazi ikakatwa vipande vipande. Baba alikuwa na mwajiri mmoja kwa miaka 30. Mtoto anaweza kuwa na waajiri kumi kwa miaka kumi. Matobo kwenye daftari yanazaliwa hapo.

Najua kuna wanaojibu: "Acha na CNSS yako, nipe feza yangu yote mkononi." Na wana sababu. Wazee wetu walichangia kwa zaire. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya, mwaka 1998 ikaja franka, na kila mara akiba ya mtu wa kawaida iliyeyuka kama chumvi kwenye maji. Wengi wamemwona baba yao akipanga mstari kwa pensheni isiyotosha kiloba cha unga. Uchungu huo siwezi kuukataa.

Lakini tufikiri vizuri. Kwa tawi la pensheni, wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anaongeza 5 yake. Juu ya hiyo, yeye peke yake analipa 6,5 ya posho za familia na 1,5 ya ajali na magonjwa ya kazi. Ukikubali kulipwa bila kuandikwa, si 5 yako tu umeokoa. 13 ya mwajiri umemwachia. Na siku jiwe litakapokuangukia, utakuwa wewe na familia yako peke yenu. Kama pensheni ni ndogo, tupiganie iongezwe. Kutoandikwa hakuiongezi.

Tena kuna neno ambalo waajiri hawapendi lisemwe: tobo kwenye daftari si deni lako. Mwajiri ndiye mwenye deni la mchango wote mbele ya Caisse, wake na ule aliokukata. Na kuitwa kibarua wa siku si sababu ya kutoandikwa. Code ya kazi ya 2002 inasema wazi: aliyetimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla ya miezi hiyo miwili kuisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa hauna mwisho. Ni wangapi katika mji huu wamepitisha siku 22 mara mia na bado wanaitwa vibarua?

Basi tufanye nini? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nenda CNSS na nambari yako, uliza miezi mingapi imeandikwa na kwa kampuni gani. Kama kuna upungufu, kusanya mikataba, karatasi za mshahara, cheti cha mwisho wa kazi, kadi za kuingilia mgodini, na majina ya wenzako wa wakati ule. Kisha dai kwa maandishi. Fanya hivyo sasa, kampuni ikiwa bado na ofisi na mkuu wa wafanyakazi akiwa bado hai. Baada ya miaka 20 utakuta geti limefungwa na mlinzi hajui jina la kampuni. Na kama umeacha kazi ya mshahara, uliza habari ya bima ya hiari. Sheria inamfungulia mlango aliyewahi kuandikwa.

Usiende peke yako. Mmoja akiuliza anaitwa mkorofi, na kesho kadi yake haifungui geti. Timu nzima ikienda na délégué syndical mpaka Inspection du Travail, hapo maneno yanabadilika.

Ila mzigo wote usiwe wa mfanyakazi. Kwa CNSS naomba jambo moja: kila mtu aliyeandikwa apate ujumbe kwenye simu, walau mara moja kwa mwaka, kumwambia miezi yake imefika mingapi. Kwa migodi mikubwa naomba jingine: msilipe fakitire ya kampuni iliyowaletea wafanyakazi kabla haijaonyesha risiti ya CNSS ya watu hao. Mnakagua kofia na buti zao kila asubuhi getini. Kukagua risiti mara moja kwa mwezi hakuwezi kuwashinda.

Shaba inayotoka hapa inapimwa mpaka kilo ya mwisho kabla ya kuvuka Kasumbalesa. Miezi ya anayeichimba nayo ihesabiwe hivyo hivyo.