Faraja ya Sindano na Uzi



Ndugu wapendwa, wiki hii tunapenda kutafakari pamoja nanyi jambo linaloonekana dogo, nalo ni kushona nguo nyumbani. Katika miezi ya kwanza ya ugonjwa wa Korona, mwaka 2020, familia nyingi za hapa katikati ya mji, kuanzia Kariakoo na Gerezani hadi Ilala, ziliirudia kazi hiyo. Twasema ziliirudia kwa sababu haikuwa ngeni kwao. Kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili vikiwa bado vimeshikana, na mama zetu walikuwa wakivikata na kuvipinda wenyewe kabla ya kuvivaa. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa ushonaji kwa wengi wetu.

Tukumbushane hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikaanza kufungwa. Tofauti na nchi nyingi, Tanzania haikuwafungia watu wake majumbani. Kariakoo iliendelea kuuza na kununua, na makanisa na misikiti ilibaki wazi. Lakini hofu haingoji amri ya serikali ili imfungie mtu ndani. Wazee waliogopa kutoka, na wanafunzi wengi walikaa nyumbani hadi mwishoni mwa Juni. Sherehe zilipopungua, mafundi wanaoshonea barazani walikosa wateja wa sare za harusi na nguo za kipaimara, na baadhi yao wakabeba vyerehani vyao kurudi navyo nyumbani.

Ndipo ilipokuja kazi ya barakoa. Mahitaji yake yalikuwa machache: kipande cha kitenge kwa nje, pamba laini kwa ndani, marinda matatu na lastiki mbili za kushika masikioni. Aliyekosa lastiki alishona vikanda vya kufungia kisogoni. Mabaki ya vitambaa yaliyokuwa yamelala chini ya kitanda yakapata kazi. Cherehani cha mguu hakikuhitaji umeme, na asiyekuwa na cherehani alitumia mkono.

Sasa tujiulize: kwa nini kazi hiyo iliwatuliza watu kiasi kile? Sisi twaona kwamba sababu ya kwanza ni kuwa ina mwisho. Katika siku zile hakuna aliyejua ugonjwa ungekoma lini, wala nani angefuata. Bali pindo la kanga lina mwanzo na mwisho. Mtu aliyeshindwa kuitawala kesho yake aliweza kumaliza pindo moja kabla ya giza kuingia, akakata uzi, akaona kitu kizima mkononi mwake.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Mwanzoni mwa Mei 2020 hesabu ya nchi yetu iliishia wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja takwimu mpya hazikutolewa. Januari 2021 Baraza la Maaskofu lilituandikia likitahadharisha kuhusu maambukizi mapya na kututaka tujikinge. Katikati ya ukimya huo walikuwako waliozika wapendwa wao bila kujua waseme nini juu ya kifo hicho. Kwa watu wa namna hiyo, kuketi na sindano kuliwapa nafasi ya kuomboleza. Mikono ilikuwa na kazi, na macho yalikuwa na mahali pa kutazama, hata machozi yalipotoka.

Wako wanaosema kwamba hiyo ilikuwa faraja ya uongo, yaani kujificha nyuma ya kitambaa. Hoja yao tusiidharau. Sindano haikuwa mbadala wa daktari, na barakoa ya kitambaa haikufikia ile ya hospitali. Hata hivyo, tukumbuke kazi yake hasa: huzuia zaidi matone ya aliyeivaa yasimfikie jirani. Kwa hiyo aliyeshona barakoa na kuivaa alikuwa akimlinda mwingine. Ndivyo alivyokuwa Tabitha wa Yafa katika Matendo ya Mitume. Alipofariki, wajane walimwonyesha Petro kanzu na nguo alizowashonea. Faraja inayomfikia na jirani haiwezi kuitwa kujificha.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kuwa Korona si dharura ya dunia tena. Barakoa tumeziweka kabatini. Ombi letu ni kwamba sindano tusiiweke huko pia.

Yatupasa kuwafundisha watoto wetu kutia kiraka, kushikiza kifungo na kupinda pindo, wavulana kwa wasichana. Anayedhani kazi hiyo ni ya wasichana peke yao na apite Kariakoo, ahesabu wanaume walioketi nyuma ya vyerehani, futi shingoni.

Pili, tuwaheshimu mafundi. Kilichokuwa faraja kwetu ndicho chakula cha watoto wao. Anayejua jinsi shingo inavyouma baada ya kushona barakoa kumi hatamkaba fundi kwa bei, wala hatamzungusha wiki tatu kwa deni la ufundi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, bado wako mitaani kwetu waliofiwa katika miaka ile ambao hawajapata mtu wa kuketi naye na kuwasikiliza. Tuwatembelee. Si lazima tuwe na maneno mengi. Twende na kazi ya mkononi, tuketi nao mkekani, tushone, na wakitaka kusema tuwasikilize.

Mungu awabariki nyote, na azibariki kazi za mikono yenu. Tukutane tena wiki ijayo, Mungu akipenda.