Kifaransa kitoke mu kaye, kiingie mu kinywa

Ndugu wachimbaji, mama na baba wa familia, leo tunataka kuongea juu ya masomo ya watoto wetu. Tutaanza na karatasi moja.

Mwenzetu mmoja wa hapa Kamina alikuwa anafanya kazi ya mgodi upande wa Kolwezi. Siku moja waliitwa ku biro, watu wengi kwa mara moja, wakaambiwa watie sahihi karatasi ya konje. Alitia sahihi, akapanda lori, akarudi nyumbani kungojea aitwe tena. Nyumbani akampa karatasi binti yake, mwenye yuko anamaliza sekondari. Binti aliisoma kwa sauti, toka juu mpaka chini, bila kukwama hata pahali pamoja. Baba akafurahi. Akauliza: « Sasa inasema nini? » Mtoto akanyamaza. Kisha akajibu: « Papa, minajua kuisoma, lakini maana yake yote sijue muzuri. »

Mu ile karatasi mlikuwa maneno haya: « de son plein gré ». Maana yake ni kwa kupenda kwake mwenyewe. Karatasi ilisema kwamba mwenzetu ameacha kazi kwa kupenda kwake mwenyewe. Yule binti alijua neno « plein ». Tuliliona kwa macho yetu mu kaye yake: plein, pleine, pleins, pleines, na alama nzuri ya mwalimu kwa biki nyekundu. Alifikiri ni habari ya kitu kilichojaa. Baba alipoileta karatasi kwetu ku sendika, majuma mengi yalikuwa yamekwisha kupita. Tulipomweleza maana, hakusema neno. Alibaki anatazama sahihi yake.

Kompani hatuitaji hapa, maana kesi bado tuko tunaifuata. Lakini hatuwezi kunyamaza juu ya ile kaye.

Tuseme wazi: hatumlaumu mtoto. Alifanya yote aliyoagizwa. Kwa miaka yote ya sekondari alinakili kanuni, alifanya diktee, aligeuza verbe toka présent mpaka subjonctif. Hata siku moja hakuombwa kuuliza njia kwa Kifaransa, kubisha na mwenzake, kueleza ugonjwa wa mama yake, ao kumweleza mtu mwingine barua inasema nini. Saa ya Kifaransa ikipigwa kengele, Kifaransa kinafungwa mu kaye, kinalala mpaka kesho. Ku soko ni Kiluba na Kiswahili. Nyumbani ni Kiluba na Kiswahili. Basi kile Kifaransa kitatembea wapi?

Hatumlaumu mwalimu pia. Tunajua masomo mengi yako na kitabu kimoja, na kile kimoja kiko ku meza ya mwalimu. Tunajua madarasa yenye watoto wanabanana watatu, wane ku benki moja. Mtu wa namna hii anashika choki na anaandika ubaoni, sababu choki ndiyo chombo anacho. Lakini kuko vyombo vingine visivyoomba feza nyingi, na vingine tuko navyo hapa hapa Kamina.

Cha kwanza ni mchezo wa teatre. Katanga yote inakumbuka Mufwankolo na kundi lake, namna walivyochekesha watu na kuwafundisha ku redio na ku televizyo kwa Kiswahili chetu. Wale watu hawakuwa wanasoma maneno yaliyoandikwa. Walipatana juu ya habari, kila mmoja akashika nafasi yake, kisha akasema kwa maneno yake mwenyewe. Mwalimu wa Kifaransa anaweza kufanya vile vile. Mtoto mmoja ni mkubwa wa kazi, mmoja ni mchimbaji, mmoja ni delege wa sendika, mmoja ni mke wa mchimbaji anakuja kuuliza mshahara umekwenda wapi. Wape robo saa wapatane, kisha waseme kwa Kifaransa. Watakosea, tutacheka, watarudia. Neno ambalo mtoto alilitafuta mbele ya wenzake, akalikosa, akalipata, hatalisahau tena.

Cha pili ni gare yetu. Mtoto wa Kamina anakua karibu na pahali ambapo njia za treni zinagawanyika: ya kutoka Lubumbashi inafika hapa, moja inaendelea Mwene-Ditu na Kananga mpaka Ilebo, ingine inaenda Kabalo, na kutoka kule Kindu na Kalemie. Darasa moja liende pale asubuhi moja pamoja na mwalimu. Waulize wafanyakazi wa reli, waulize wamama wenye mizigo, kwa Kiswahili ao Kiluba. Warudi darasani, waandike kwa Kifaransa yale waliyosikia: nani anasafiri, anabeba nini, anangoja tangu lini. Ile itakuwa rédaction yenye maana, sababu mtoto atakuwa na kitu cha kusema.

Cha tatu ni hadisi zetu wenyewe. Watu wengi wanafikiri kujifunza Kifaransa kwa desturi ni kusoma juu ya Paris na kula mkate mrefu. Hapana. Huku ni inchi ya Baluba. Mzee akuje ku masomo, aeleze kwa Kiluba habari ya Nkongolo Mwamba, ya Ilunga Mbidi, na ya Kalala Ilunga. Aeleze lukasa, ule ubao wenye shanga ambao watu wa mbudye walishika mkononi ili kukumbuka habari za ufalme. Leo mbao za namna hii ziko mu ma-museum ya Ulaya na Marekani, na wageni wanazieleza mu vitabu vyao. Mtoto wetu aweze kuzieleza yeye mwenyewe kwa Kifaransa, mbele ya mgeni, bila kuinamisha kichwa.

Cha ine ni redio. Radio Okapi inatoa habari kwa Kifaransa na kwa lugha zetu ine za taifa. Mtoto asikilize habari kwa Kiswahili, kisha asikilize habari ile ile kwa Kifaransa, aandike maneno matano mapya. Habari ameisha kuielewa, basi Kifaransa hakimtishi tena.

Cha tano ndicho kinatugusa sisi zaidi: karatasi za wazazi. Karatasi ya mshahara, tangazo la usalama lenye linabandikwa ku mlango wa mgodi, kontra, barua ya hospitali. Zifutwe majina, ziletwe darasani. Mtoto asome kwa Kifaransa, kisha aeleze kwa Kiswahili kama vile yuko anamweleza baba yake. Kazi hii ni ya lugha mbili: mwenye kujua Kifaransa peke hawezi kuifanya, na mwenye kujua Kiswahili peke hawezi.

Tunajua mtasema nini. Wazazi wengine wametuambia: « Tunalipa minervali juu ya kusoma, hatulipi juu ya kucheza. » Tunawaelewa. Tangu 2019 masomo ya msingi ya Leta ni bure, lakini sekondari bado inatoka mu mfuko wa mzazi, na mfuko wa mchimbaji uko na matobo. Lakini tuangalie egzamen ya Leta. Mle muko disertasio. Mtoto anapewa fikara moja, anaombwa aeleze, abishe, afikie jibu. Mtoto mwenye hajabisha hata siku moja kwa Kifaransa na kinywa chake, atabisha namna gani kwa biki? Na mu 2023, wakati Kinshasa ilipokea michezo ya Francophonie, watu hawakushindana kwa mbio na mpira tu. Walishindana pia kwa hadisi, kwa wimbo, kwa ngoma, kwa picha. Wenye Kifaransa wenyewe wanajua kama lugha inapita mule.

Wengine watauliza: juu ya nini Kifaransa, wakati sisi ni watu wa Kiswahili na Kiluba? Neno hili ni la kweli na hatulitupi. Tunaandika hapa kwa Kiswahili sababu tunataka kila nyumba ielewe. Katiba ya 2006, article ya kwanza, inasema Kifaransa ni lugha ya serikali, na Kikongo, Lingala, Kiswahili na Tshiluba ni lugha za taifa. Sheria ya masomo ya 2014 nayo inataka lugha za taifa ao za mahali zitumike kufundishia pamoja na Kifaransa. Sisi ku sendika tutaendelea kuomba kontra na matangazo ya usalama yaandikwe pia kwa Kiswahili. Lakini mpaka leo Code du travail ya 2002 tunaisoma kwa Kifaransa. Code minier ya 2002, na mageuzi yake ya 2018, tunaisoma kwa Kifaransa. Cahier des charges, ile karatasi ambamo kompani inaahidi masomo, maji na njia kwa watu wa mahali inapochimba, nayo iko kwa Kifaransa. Mwenye kungoja ije kwa Kiswahili ndipo aisome, atakuta wengine wameisha kuitia sahihi kwa jina lake.

Wazee wa kazi ya mgodi walijua bei ya kusema. Mu Desemba 1941, kule Élisabethville, leo Lubumbashi, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma juu ya mshahara, karani mmoja anaitwa Léonard Mpoyi alisimama kuwasemea wenzake. Alipigwa risasi mu uwanja wa mpira, na wengine wengi walikufa pamoja naye. Leo hatuombi watoto wetu wafe. Tunaomba wajue kusimama na kusema, na mtu mwenye kuwasikiliza asiweze kuwaambia: « Hukuelewa. »

Basi tunaomba nini?

Kwa prefe wa masomo: saa moja ya Kifaransa kila juma iache ubao, iwe ya teatre, mabishano ao matembezi. Alama ya kusema ihesabiwe pamoja na alama ya kuandika, la sivyo mtoto ataona ni mambo ya bure.

Kwa wazazi mu COPA: feza yenye mnaamua kila mwaka, sehemu ndogo inunue redio moja na vitabu vichache vya kusomea vya kuazimisha. Na siku ya teatre, msimtume binti sokoni akauze, mkaacha kaka yake peke aende.

Kwa kompani: sheria ya 2018 inawataka watoe si chini ya 0,3 % ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya watu wa mahali. Delege wetu wakikaa ku ile meza, wasiombe kuta za masomo peke. Waombe pia vitabu vya ndani ya zile kuta.

Kwa sisi wenyewe: sendika italeta karatasi zilizofutwa majina, na mtu wa kuzieleza, kwa kila masomo ya Kamina yenye itatufungulia mlango siku ya posho mchana. Hatutaomba franka. Tungependa tuanze mbele ya 20 Marsi, siku ya Francophonie, ili siku ile watoto wapande mbele ya wazazi wao na mchezo mmoja wenye wametunga wenyewe.

Yule binti ametuomba awe wa kwanza. Anataka kucheza nafasi ya mkubwa wa biro, yule mwenye alitoa karatasi. Tumemkubalia.

Na wewe ndugu mwenye unasoma hii ukiwa ku kazi, kama kesho wanakupa karatasi yenye hujaielewa, usiitie sahihi palepale. Omba kwenda nayo nyumbani. Mpe mtoto aisome. Akimaliza kusoma, umuulize: sasa inasema nini?