Mcheza Kwao Hutunzwa

Wapo viongozi wa klabu za soka waaminio kwamba kijana aliyelelewa nyumbani hahitaji malipo makubwa, kwani anaichezea timu ya kwao kwa mapenzi. Fedha, wasema, ziwekwe kwa ajili ya wachezaji wa kuja. Sisi hatuafikiani na fikira hiyo. Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa, wala hawakusema kwamba hudhulumiwa.

Tuitazame mikoa ya Mbeya na Iringa, ambako vipaji havijapata kuadimika. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara. Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City, timu ya Halmashauri ya Jiji, ilicheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza ikashika nafasi ya tatu, juu ya Simba. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam bao 1-0.

Lakini fahari hizo hazikudumu. Mwaka 2015 Deus Kaseke aliihama Mbeya City kwenda Yanga, na kabla mwaka haujakwisha kocha Juma Mwambusi naye akaelekea huko huko. Lipuli ilishuka daraja mwaka 2020. Mbeya City ilishuka mwaka 2023, ikapanda tena mwaka 2025. Hatudai kwamba mtu mmoja akiondoka timu hufa. Tunachodai ni kwamba timu isiyoweza kuwatunza walio wake hulazimika kuanza upya kila mara.

Jambo hili si la Bara peke yake. Feisal Salum, kijana wa Unguja, aliondoka JKU akajiunga na Yanga mwaka 2018. Baada ya mvutano mrefu wa mkataba, mwaka 2023 alihamia Azam. Funzo ni kwamba shangwe za mashabiki haziwezi kushika nafasi ya mkataba unaoridhisha pande zote mbili.

Maafisa wa Serikali watauliza, na wana haki ya kuuliza: je, fedha za wananchi zilipe wachezaji hali zahanati zahitaji dawa? Jibu letu ni hapana. Malipo yatokane na viingilio, wafadhili na ada za uhamisho, na hesabu zisomwe hadharani. Kiasi kiwe kile ambacho klabu yaweza kukilipa kila mwezi bila kuchelewa. Kijana wa nyumbani asilipwe chini ya mgeni aliye sawa naye kwa kazi. Na akitakiwa na klabu kubwa, aende kwa taratibu za mkataba, ili ada yake irudi kuwalea wadogo zake.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitambua haki ya kila mtu kupata malipo ya haki kwa kazi yake, na dini zetu zimekataza kumcheleweshea mfanyakazi ujira wake. Kucheza mpira ni kazi. Tunawataka viongozi wa klabu, Bara na Visiwani, waketi na vijana wao kabla ya msimu kuanza, waandikiane mikataba, na waitimize.