FAMILIA NA HALI YA HEWA: Jua la Marseille

Mwezi huu tunajibu swali la familia zenye ndugu Ufaransa: "Watoto wetu wanasema Marseille kuna jua sana, mbona tena wanalia baridi?"

Marseille ni mji wa bandari, kusini mwa Ufaransa, kando ya bahari ya Mediterania. Mvua yake inafanana kidogo na ya Uvira na Bujumbura: Juni, Julai na Agosti ni kiangazi, mvua karibu hakuna. Inaanza tena Septemba, na mara nyingine inamwagika siku moja mpaka barabara zinajaa maji. Kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 tu.

Tofauti iko kwenye joto. Siye huku, mvua ije isije, joto halibadiliki sana. Kule, Januari asubuhi ni nyuzi 3 hivi, mchana 11 au 12. Julai mchana hufika 30. Halafu kuna upepo unaoitwa mistral. Unatoka kaskazini, unabanwa katika bonde la mto Rhône, unateremka mpaka baharini, na unaweza kuzidi kilomita 100 kwa saa. Unafukuza mawingu, ndiyo maana jua linawaka na mtu anatetemeka. Kwa hiyo anayesafiri asidanganyike na picha. Atahitaji koti la kuzuia upepo, kofia na soksi nzito.

Lakini baridi si hatari peke yake. Agosti 2003 joto kali liliua watu karibu 15,000 Ufaransa nzima, wengi wao wazee, na wengi waliishi peke yao. Hapa kambini, pamoja na shida zetu zote, bibi hakosi mjukuu wa kumletea maji. Kule mtoto yuko kazini, mjukuu yuko shuleni, bibi amebaki juu ghorofani na lugha haijui. Nani atajua kama amezidiwa?

Tangu 2004 sheria ya Ufaransa inataka kila ofisi ya meya iwe na orodha ya wazee na walemavu wanaobaki nyumbani, ili joto likizidi wafuatiliwe. Kuandikwa ni hiari, wala hawaandikwi wenyewe bila kuomba. Jamaa anaweza kumwombea mzee wake. Wengi hawajui hilo, basi waambieni.

Waambieni pia: mchana wafunge madirisha na vifuniko vyake, usiku wafungue hewa iingie. Mzee anywe maji hata kama hana kiu.

Ndugu zangu, simu ya Agosti isiwe ya kuomba pesa tu. Kwanza ulizeni, "Bibi amekunywa maji leo? Nani yuko naye?"

Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.